Hilux 3L imeishiwa nguvu mlima wa Soni na moshi haitoi. Wajuzi wa dizeli, nianzie wapi?

#1 Mpanda_Soni

Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux ya zamani, modeli LN106, injini 3L, haina turbo ya kusukumia hewa. Bodi imechoka ila chesesi nzima. Napiga mzigo Mombo–Soni–Lushoto, mara nyingine mpaka Mlalo. Kupanda nabeba saruji na unga, kushuka kabichi, karoti na viazi.

Zamani nikiwa na mifuko 20 ya saruji nilikuwa natoka Mombo na gia ya tatu, kwenye zile kona kali naweka ya pili, nikiimaliza kona narudisha ya tatu. Sasa hivi ni ya pili tangu chini, na kona za juu naweka namba moja. Juzi bodaboda ina abiria wawili na kuku kwenye tenga imenipita, abiria wa nyuma akageuka kuniangalia.

Dalili ni hizi. Asubuhi inawaka vizuri. Ikisimama inaunguruma sawasawa, haitetemeki. Moshi mweusi hakuna hata nikikanyaga mpaka kwenye zulia. Haichemshi. Tambarare ya Mombo–Korogwe inafika 80, hapo inagoma.

Fundi wa kwanza kasema pampu imekufa. Wa pili kasema ringi za pistoni, tufanye oveholi. Wa tatu kasema nozeli za kurashia dizeli. Nimebadilisha ea klina na filta ya dizeli. Baada ya filta ikachangamka siku chache, ikarudia ugonjwa wake. Nianzie wapi kabla sijauza shamba?

#2 Ngoja_Nijifunze

Naweka kambi hapa. Waje wenyewe.

#3 Nusu Spana

Mkuu Mpanda_Soni, umeandika jambo moja la maana kuliko mafundi wako wote watatu: moshi hakuna.

Dizeli isiyo na turbo ikikosa nguvu mlimani na inatoa moshi mweusi, maana yake mafuta yanafika ila hewa haitoshi, au nozeli zinamwaga badala ya kurasha. Ikikosa nguvu na nyuma ni pasafi kabisa, mafuta hayafiki ya kutosha. Ina njaa. Na ile kuchangamka baada ya filta mpya kisha kurudia inaelekeza hukohuko. Kuna uchafu unatoka kwenye tangi na unaziba njiani.

Usinunue kitu bado. Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua dumu la lita 5 la dizeli safi, lifunge juu ya injini lisiyumbe. Chomoa mpira unaotoka kwenye tangi kuja kwenye filta, weka mpira mwingine uchote kwenye dumu. Mpira wa kurudisha mafuta nao uingize kwenye dumu hilohilo. Toa upepo kwa ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, washa, panda mlima. Nguvu ikirudi, tatizo liko nyuma ya filta: tangi, paipu au mipira. Isiporudi, tunahamia mbele.

#4 TurboKing_255

Hiyo turbo imekufa hiyo. Nenda Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar, katafute katriji yake.

#5 Chuma Chakavu

TurboKing, mtoa mada kaandika mstari wa kwanza kabisa kwamba haina turbo. Unamtuma mtu Gerezani akatafute katriji ya injini ambayo haijawahi kuwa na turbo, atarudi na ya Scania 😂😂

#6 Babu wa Gereji

Vijana mnakimbilia mafuta, sawa. Ila gari hii ina umri gani? LN106 ni za kuanzia 1988 mpaka miaka ya 90, yaani mdogo wao anakaribia miaka 30. Injini ya umri huo upime kwanza pumzi yake, yaani kompresheni.

Washa, ikipata moto fungua kifuniko cha oili pale juu, kigeuze ukiweke juu ya tundu bila kukaza. Kikicheza kidogo tu, sawa. Kikirushwa, au moshi ukatoka pale kwa mapigo, ringi zimekwisha na unahangaika na dumu bure. Ukitaka uhakika, tafuta fundi mwenye geji ya kompresheni ya dizeli, siyo ile ya petroli, itapasuka. Injini hizi zikiwa nzima husoma karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Ikishuka chini ya 20, ni oveholi. Na silinda kwa silinda zisipishane zaidi ya 5.

#7 Nusu Spana

Mzee wangu Babu, heshima yako. Lakini injini iliyokwisha ringi ingewaka asubuhi kwa tabu, tena kwa huku Lushoto kwenye baridi ya Julai. Yeye anasema inawaka vizuri.

#8 Babu wa Gereji

Hita za kupasha injini kabla ya kuwaka zikiwa nzima zinaficha mengi, kijana.

#9 Nakuru Diesel

Salamu kutoka Nakuru. Ndugu, angalia unanunua dizeli wapi. Huku kwetu tuliteseka na wale wa kuchanganya mafuta ya taa. Dizeli ikishachanganywa haina mnato, na pampu za hizi Hilux hazina oili yake, zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Ukinywesha mafuta ya taa miezi kadhaa, pampu inalika. Ilipunguka serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, mwaka 2018. Tanzania bado mnauziwa mchanganyiko?

#10 Kijana wa Gerezani

Bro wa Nakuru, sisi hiyo tuliianza kabla yenu. EWURA, wadhibiti wa nishati, walianza kuweka vinasaba (alama za kugundua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mpaka kuchakachua kukawa hakuna faida. Enzi zile ndiyo ilikuwa balaa. Sisemi kumeisha kabisa, ila siku hizi shida kubwa ya vijijini ni dizeli ya kwenye madumu na mapipa: maji, kutu, mchanga.

Mpanda_Soni, dizeli unanunua pampuni au kwa wale jamaa wa madumu?

#11 Mpanda_Soni

Asanteni sana wakuu. Mara nyingi kituoni Mombo. Ila Mlalo nikiishiwa huwa nachukua kwa madumu, siwezi kudanganya.

Babu, nimefanya hiyo ya kifuniko. Kinacheza kidogo, hakirushwi. Moshi unatoka kwa mbali kama wa sigara, siyo kwa mapigo.

#12 Daktari wa Hewa

Watu wanasahau kitu kimoja. Lushoto ni juu sana, kama mita 2,500 hivi. Hewa nyepesi. Injini bila turbo lazima ikose nguvu. Hilo siyo ugonjwa, ni sayansi.

#13 Mlalo One

Daktari, mita 2,500 umezitoa wapi? Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi na Mombo ni kama 400. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo hapo kati ya chini na juu ni asilimia 10 tu. Na mlima haujarefuka tangu mwaka jana. Mwaka jana alipanda na gia ya tatu.

Ila sikutupi moja kwa moja: ukipanda kutoka Tanga mjini baharini utaisikia tofauti. Ndiyo maana baadhi ya pampu za Toyota zilikuja na kifaa cha kupunguza mafuta gari likipanda nyanda za juu, lisitoe moshi. Kikigoma kwenye ile hali ya "niko mlimani", pampu inabana mafuta hata ukiwa Pangani. Mpanda_Soni, ya kwako kama inacho, kinakaa juu ya pampu kama kikopo.

#14 Mpanda_Soni

Hakuna kikopo, Mlalo One. Juu ya pampu ni kifuniko bapa tu.

#15 Mama Viazi

Jamani habari zenu. Mimi ni Njombe, nina Hilux ya injini 2L, nabeba viazi. Iliwahi kunifanyia hivyohivyo. Tangi likiwa limejaa inakwenda, likifika nusu inaanza kuchoka. Nikisimama kidogo nikipumzika inapona, nikienda kilomita kadhaa inachoka tena. Mafundi walinitoa pesa ya nozeli na ya kufungua pampu.

Aliyenitibu ni kijana wa kuosha magari. Alifungua kifuniko cha tangi, kikavuta hewa kwa mlio, fyuuuu. Kile kifuniko hakikuwa cha gari langu, kilinunuliwa sokoni baada ya cha kwanza kuibiwa, hakina tundu la kupumulia. Dizeli ikitoka tangini hewa haingii, tangi linakuwa linavuta kwa ndani. Nikakitoboa tundu la sindano, mpaka leo.

Kaka yangu, kafungue kifuniko ukiwa umefika juu, usikilize.

#16 Chuma Chakavu

Mama Viazi apewe gereji yake 👏

#17 Nusu Spana

Dada Mama Viazi umetoa dawa. Naongezea palepale: ile pampu ya mkono juu ya filta inasema mengi. Gari ikishindwa mlimani, simama, funua boneti, ibonyeze. Ikibaki chini au ikirudi polepole, kuna kitu kimeziba kati ya tangi na filta. Ikibonyea kirahisi kama haina kitu ndani, kuna mahali inavuta upepo. Na yenyewe mpira wake wa ndani ukichanika inaanza kuvuta upepo bila kudondosha hata tone la dizeli, kwa sababu pale mafuta yananyonywa, hayasukumwi. Hutaona dizeli chini, utaona gari haina nguvu. Weka kipande cha mpira wa plastiki unaoona ndani kati ya filta na pampu, uangalie mapovu.

#18 Gwiji wa Kona

Mimi nitauliza swali la kitoto. Kuna mtu yeyote amekaa chini ya dashibodi akaangalia kebo ya mafuta?

Mtu mmoja akanyage pedali mpaka mwisho, mwingine aangalie mkono wa pampu kule kwenye injini kama unagusa ile skrubu ya mwisho. Kebo zinarefuka, kikombe cha plastiki kinachoshikilia pedali kinakatika, zulia nene linazuia. Unaweza kukanyaga mpaka sakafu na pampu ikapata robo tatu. Moshi hakuna, kelele hakuna, tambarare 80 kisha inagoma. Soma tena dalili za mtoa mada.

#19 Mpanda_Soni

Gwiji, nimecheka lakini nimeenda kuangalia. Mkono unabaki na nafasi ya kama kidole chembamba kabla ya kugusa. Nimekaza nati za kebo, sasa unagusa.

Kifuniko cha tangi hakivuti hewa, Mama Viazi, cha kwangu hata hakibani vizuri. Kesho nina mzigo, nitaleta majibu.

#20 Kijana wa Gerezani

Uzi umeisha basi. Gwiji wa Kona kachukua kombe.

#21 Mpanda_Soni

Haujaisha mkuu. Leo imepanda na mifuko 20. Sehemu za chini imekubali gia ya tatu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikafurahi. Ilipofika kwenye kona za korongo ikaanza kulegea, nikarudi ya pili mpaka Soni. Imepona nusu. Moshi bado hakuna.

Nilisimama nikabonyeza ile pampu ya mkono. Inarudi, ila kwa uvivu.

#22 Nusu Spana

Inarudi kwa uvivu. Tangi hilo. Lishushe.

#23 Mkanyaga Klachi

Wakuu, mnahangaika na mafuta, kuna mtu kauliza kuhusu klachi? Mzee, ikilegea kwenye kona, mlio wa injini unapanda au unashuka? Ukipanda huku gari linapungua mwendo, pleti inateleza. Pima: tambarare, hendibreki juu, weka gia ya nne, resi kidogo, achia klachi. Injini ikizimika ghafla, klachi nzima. Ikiendelea kunguruma, nguvu yako inaishia kwenye pleti.

#24 Fundi Breki Korogwe

Na mimi nilete ya kwangu. Mlipobadilisha breki shuu za nyuma mara ya mwisho ni lini? Gari za mzigo za huku, mafundi wanakaza sana ili mteja akatambe mtelemkoni, matokeo yake kupanda unavuta gari lililofungwa. Ukifika Soni, kabla hujanywa soda, mwaga maji kidogo kwenye rimu za nyuma. Yakichemka upande mmoja, jibu unalo. Usiweke mkono, nilishaona mtu kaacha ngozi pale.

#25 Mpanda_Soni

Mkanyaga Klachi: mlio unashuka, na kile kipimo cha gia ya nne injini imezimika. Fundi Breki: shuu zilibadilishwa kabla ya Pasaka na ndiyo, zilikazwa. Upande wa kushoto umefanya tssss. Wa kulia kimya.

#26 Fundi Breki Korogwe

Nimemaliza kazi yangu hapa 😎

#27 Chuma Chakavu

Subiri kwanza. Mpanda_Soni, hiyo mifuko 20 ni kilo 1,000 tayari, na pikapu hii imetengenezwa kubeba tani moja, ukiwemo wewe. Juu ya saruji huwa unapandisha na abiria?

#28 Mpanda_Soni

Huwa kuna watu wawili watatu wa kushusha mzigo.

#29 Mlalo One

Wawili watatu 😂😂 Nimewahi kukuona Soni, juu kulikuwa na kijiji. Na kreti za soda. Gari haina ugonjwa wowote, inagoma kwa mujibu wa sheria za kazi.

#30 Mpanda_Soni

Mlalo One, usinichome. Hao walikuwepo hata wakati gari linapanda na gia ya tatu. Uzito ni uleule.

#31 Saa za Injini

Nimefuatilia uzi wote, hakuna aliyetaja taiming. Hizi 3L zina mkanda wa taiming, siyo cheni. Kila kilomita 100,000 taa ya T-BELT inawaka kwenye dashibodi. Wengi wanachomoa balbu. Mkanda ulibadilishwa lini, na nani? Pampu ya dizeli inaendeshwa na mkanda huohuo. Fundi akikosea jino moja upande wa pampu, au pampu ilishafunguliwa na ikarudishwa bila kulinganisha alama iliyokwaruzwa kwenye flenji yake na ile ya kwenye kava, mafuta yanaingia yakiwa yamechelewa. Injini inawaka, inaunguruma kwa upole mno, wenye gari wanasifia "imetulia", na nguvu hakuna. Injini nzuri ya 3L ina ule mgongano wake mkali asubuhi. Ikikimya sana, shuku.

#32 Nusu Spana

Ikichelewa itatoa moshi mweupe wenye harufu ya kuwasha macho, hasa asubuhi.

#33 Saa za Injini

Ikichelewa sana, ndiyo. Ikichelewa nyuzi mbili tatu, na huku ni mlimani kuna ukungu asubuhi, nani atauona huo moshi? Kanuni yako ya moshi ni nzuri, mkuu, ila unaitegemea kupita kiasi. Vali zikibana nazo hazitoi moshi wowote wa kukuonyesha. Injini hii inataka nafasi ya 0.20 mpaka 0.30 milimita vali za kuingiza na 0.40 mpaka 0.50 za kutoa, ikiwa baridi, na inarekebishwa kwa shimu, vile vibati vyembamba vya unene tofauti. Hakuna fundi wa mtaani anayezigusa kwa sababu shimu zenyewe ni tabu kupata. Miaka inapita, vali ya kutoa inakaa kwenye siti yake inazidi kuzama, nafasi inaisha. Ikiwa baridi inawaka poa, ikishapata moto kwenye mlima mrefu vali haifungi vizuri, pumzi inatoroka. Soma #21: chini ilikwenda, juu ikalegea.

#34 Babu wa Gereji

Nilisema tangu #6 kwamba ni pumzi. Hamkunisikiliza kwa sababu nimesema ringi.

#35 TurboKing_255

Kwani hiyo 3L si ni lita tatu? Mbona inashindwa na mifuko 20. Weka 1KZ ujisahau.

#36 Kijana wa Gerezani

3L siyo lita tatu. Hilo ni jina la injini. 2L ni cc 2,446, 3L ni cc 2,779, na 5L ni cc 2,986. Ukitaka kupanda ngazi bila kuumia kichwa, 5L inakaa palepale pa 3L. 1KZ-TE ina cc 2,982 na turbo, ina nguvu kweli, ila pampu yake ni ya umeme, utahitaji boksi lake na waya zake zote. Nimeona watu wameiweka kwenye gari la zamani, wakamaliza pesa kwenye waya.

#37 Mtanga Ughaibuni

Niko Muscat. Huku Hilux za zamani nyingi zilikuwa za petroli, injini 22R. Naweza kukutumia moja, utapanda Soni unapiga mluzi.

#38 Mama Viazi

Na mafuta atanunua nani? Petroli na mzigo wa saruji, faida yote inabaki kituoni. Kaka, baki na dizeli yako.

#39 Mpanda_Soni

Mama Viazi umenisemea.

Wakuu, jana tumeshusha tangi. Kwenye ule mkono wa kunyonyea kuna kichujio cha wavu, kilikuwa kimevaa kitu kama kitambaa cha utelezi mweusi, na chini ya tangi kulikuwa na maji kikombe kizima pamoja na magamba ya kutu. Tumeosha, wavu tumeusafisha, filta mpya. Breki ya kushoto imelegezwa. Kebo imekazwa tangu mwanzo.

Leo imepanda na mifuko 20 ILE ILE, abiria mmoja (Mlalo One usiseme kitu). Gia ya tatu mpaka karibu kabisa na kona kubwa. Hapo nimeweka ya pili, lakini ya pili inavuta, hainung'uniki. Ila kwenye kipande cha mwisho kabla ya Soni bado siyo ile niliyoijua. Kuna kitu bado.

#40 Nusu Spana

Kichujio cha tangi. Nilisema nini? Na kilichobaki ni mabaki ya hilohilo: kabla mafuta hayajaingia pampuni kuna wavu mwingine mdogo sana ndani ya bolti ya kuingizia, watu hawaujui. Ule utelezi mweusi umefika hapo.

Halafu ukifungua hapo, angalia bolti mbili usizichanganye. Ya kurudisha mafuta ina chapa ya OUT kichwani na ndani yake kuna tundu dogo mno, ndilo linalotunza presha ya ndani ya pampu. Mafundi wengi wanaziosha pamoja kwenye bakuli moja wanazirudisha kwa kubahatisha.

#41 Fundi Breki Korogwe

Kuvuta kumerudi siku breki ilipolegezwa. Tangi lilikuwa chafu, sawa, ila msinipore.

#42 Gwiji wa Kona

Kebo ilikazwa kwanza na nusu ya nguvu ikarudi siku ileile. Iko kwenye maandishi, #21.

#43 Saa za Injini

Mmefanya mambo matatu kwa mpigo halafu kila mtu anadai kombe. Na bado mtoa mada mwenyewe anasema kipande cha mwisho siyo kile. Injini ikiwa na moto mkali ndiyo inachoka. Vali. Apime vali.

#44 Nakuru Diesel

Swali moja kwa mwenye uzi. Ukifika Lushoto, ukizima dakika kumi, ikiwa bado moto inawaka mara moja au unazungusha sana? Pampu ya aina hii ina plunja moja (kipande kinachosukuma mafuta) inayolisha silinda zote nne. Ikilika, dalili ya kwanza ni kuwaka kwa shida ikiwa moto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi, inavuja pembeni ya plunja. Wakati mwingine ukimwagia pampu maji baridi kidogo kwa kitambaa inawaka.

#45 Mpanda_Soni

Ikiwa moto inazungusha zaidi ya asubuhi. Siyo sana. Nilidhani ni betri.

#46 Nakuru Diesel

Hiyo dizeli ya madumu ya Mlalo.

#47 Babu wa Gereji

Au vali, au ringi. Pampu, vali na ringi, yoyote ikianza kuisha gari huwaka hivyo. Kijana, kabla ya kumpa fundi pampu pesa, tafuta geji. Tanga mjini wapo wenye nayo. Ipime ikiwa baridi, kisha ikiwa moto. Ikishuka sana ikiwa moto, Saa za Injini kashinda. Ikibaki palepale, mpelekee pampu mwenye mashine ya kupimia, siyo anayefungua juu ya gunia.

#48 Mpanda_Soni

Sawa mzee wangu. Jumatatu nashuka Tanga. Kwa sasa nafanya kazi nayo, mifuko 18.

#49 Mlalo One

Na kijiji?

#50 Hardbody Makete

Wakuu samahani kuingilia. Mimi nina Nissan Hardbody ya injini TD27 ya dizeli, asubuhi inawaka kwa shida, inatoa moshi mweupe na kutetemeka kama dakika mbili, kisha inatulia na inafanya kazi siku nzima vizuri. Nguvu ipo. Na hapo ni pampu?

#51 Nusu Spana

Anza na hita. Chomoa ile bati inayoziunganisha, chukua taa ya kupimia, bana upande mmoja kwenye chanya ya betri, ncha iguse kila hita kichwani. Isiyowasha taa imekufa. Usiache bati ikiwa imefungwa, moja nzima itakudanganya kwa niaba ya zote. Kisha fungua uzi wako mkuu, hapa bado tunamsubiri Mpanda_Soni atoke Tanga.